Msiba wa Mezani

Kule makao makuu walimweka maiti ndani ya hadithi ili watu wakimbie. Hilo peke yake liliniambia kwamba aliyeitunga hajawahi kukaa mtaa wowote wa nchi hii, au amekaa huku amefunga madirisha. Kwetu maiti hakimbizi mtu. Maiti husimamisha. Duka hufungwa, ugomvi huahirishwa, na hata mlevi wa mtaa huomba maji ya kunawa uso.

Niliisoma ile hadithi ndani ya basi nikielekea Lukwambe, nikaikunja, nikafumba macho. Sikuwa na nguvu za kubishana. Mimi ni kiongozi wa meza, mwenye kuwachezesha watu hadithi kwa dadu, kazi niliyoifanya hadi miguu ikaanza kuvimba kwa viti vya plastiki. Wilaya moja baada ya nyingine, na sanduku langu la dadu, ramani ya kitambaa yenye taa ndogo, na kile kisanduku cheusi chenye taa ya kijani tunachokiita Karani.

Meza yenyewe niliiweka ukumbi wa kata. Wachezaji wangu walikuwa watatu, wote wakazi wa Bondeni, mtaa ulio chini kabisa ya bwawa. Kulikuwa na Bi Mwasiti, mjane anayeuza vitumbua; Lameki, fundi wa kuchomelea mageti; na mwalimu Stamili wa chekechea. Mezani hakuna anayecheza nafsi yake, kwa sababu ukimwambia mtu ajicheze mwenyewe, kila mtu ni shujaa. Kwa hiyo Bi Mwasiti alicheza askari kijana, Lameki akacheza tajiri na kuanza kutudharau papo hapo, na mwalimu Stamili akapewa mwizi wa kuku. Alikuwa mwizi hodari, sijui alijifunzia wapi.

Mji wa mezani uliitwa Tulia. Nikawaelezea asubuhi yake, soko lake, bwawa lake juu ya mlima. Kisha nikamleta mlinzi wa bwawa, anakuja mbio, ametapakaa matope, anafika mlangoni kwa tajiri, anasema ukuta umepasuka, anaanguka, anakufa. Kwenye karatasi yangu, baada ya hapo wachezaji wanakimbilia kwa mwenyekiti, king'ora kinalia, watu wanatoka kwa barabara ya kaskazini, mwisho. Mchezo wa kumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Bi Mwasiti akaweka dadu chini.

"Huyu marehemu ana ndugu?"

Nikamwambia hadithi haikusema. Akaniambia hakuna mtu asiye na ndugu. Wengine wakaitikia, na mimi nikajua siku imeshaharibika. Tukarusha dadu, Karani akalazimika kumtungia yule mlinzi mke, watoto, na kaka anayeishi ng'ambo ya mto. Basi ikawa lazima kaka asubiriwe. Tajiri wa Lameki akatoa sanda, kwa maringo. Mwizi wa kuku akajitolea kuchimba kaburi, ukazuka mjadala mrefu kama kaburi lililochimbwa na mwizi lina heri. Nikawakumbusha kwamba kuna maji yanakuja. Lameki akanijibu kwa upole, kama mtu anayemjibu mgonjwa, kwamba maji yanaijua njia yake yenyewe, lakini marehemu hawezi kujizika.

Haikunishangaza. Nimeona meza ikiacha moto wa msitu ili kumtafuta mbuzi aliyetajwa mara moja tu. Nimeona wachezaji wakimwoza binti wa adui badala ya kumteka. Watunzi huita huko kuvunja hadithi. Mimi huita kuchoka, maana mwenye kubaki na vipande ni mimi.

Lakini meza hii haikuwa ya kujifurahisha, na hapo ndipo palipouma.

Karani hachezi, anasikiliza. Siku ya siku, ukuta wa bwawa ukishindwa, ni yeye atakayeshika kila kitu kwa pamoja: milango ya maji, ving'ora, mabasi yasiyo na dereva. Hakuna binadamu anayeweza kuyashika yote hayo kwa mikono miwili. Hesabu za maji anazijua. Asichokijua ni watu. Zamani walimfundisha kwa dodoso, na kwenye dodoso kila mtu aliandika kwamba akisikia king'ora atakimbia. Kikaja kulia kweli kwenye mji mmoja wa kusini. Watu walitoka nje, wakatazama juu, wakarudi ndani kumalizia chai. Tangu hapo sheria ikasema kila mtaa uketi mezani, kwa sababu mtu akicheza husahau kudanganya. Kile meza inachofanya, Karani anakiamini.

Na akiamini, anatenda. Mtaa ulioonyesha kwamba utatoka upesi, upande wake ndio atakaoufungulia maji kwanza ili kuupunguzia ukuta uzito, akijua watu hawapo. Mtaa ulioonyesha kwamba hautatoka, mabasi yake huyapeleka kwingine, kwa watu watakaopanda.

Wakati wa chai mkuu wangu, Bwana Lyanga, alipiga simu. Bondeni ndio mtaa pekee uliobaki, akasema, na mpango mzima umekwama kwa ajili yake. Nikamweleza habari za kaka wa marehemu anayesubiriwa kutoka ng'ambo.

"Siwema," akasema, "tia mkono."

Kutia mkono ni haki ya kiongozi. Unaweza kuangusha daraja, kuwasha moto, kufanya lolote la kuisukuma hadithi irudi njiani. Kwangu ilikuwa kazi ya sentensi moja tu: maji yamemchukua marehemu. Wangekimbia. Taa ya kijani ingewaka, Karani angeamini kwamba Bondeni ni watu wa kukimbia, na mimi ningelala nyumbani kwangu wiki hiyo. Halafu siku ya siku angewafungulia maji watu ambao bado wanatafuta sanda. Na nikiacha meza ilivyo, atawaona wazito, atawanyima mabasi. Nilikaa na kikombe mpaka chai ikaota utando. Nilihisi kuchoka kwa namna ambayo usingizi hauwezi kuitibu.

Nikarudi nikafanya kitu ambacho kanuni zinakataza. Niliwaambia ukweli. Niliwaeleza miisho yote miwili na kila mmoja utawafanya nini.

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli lenye tairi bovu, tukalisikiliza mpaka likapotea. Mwalimu Stamili alikuwa anageuza dadu mkononi. Bi Mwasiti akauliza, mbona hawa watu wa makao makuu wanadhani sisi hatutoki nyumbani. Sisi tunatoka sana. Taarifa ya msiba ikipigwa sasa hivi, humu hukuti mtu.

"Basi tuuhamishe msiba," Lameki akasema.

Alisema vile kwa sauti ya tajiri wake, bado anacheza. Tajiri ana nyumba nyingine mlimani. Mlinzi apelekwe huko, msiba uwekwe huko, itangazwe. Nikarusha dadu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kwenye kitambaa, taa ndogo za nyumba za Tulia zikaanza kuzimika bondeni na kuwaka mlimani, moja, tatu, mtaa mzima. Wazee walipanda. Wenye maduka walipanda. Mke wa kinyozi, ambaye hadithi ilimtaja kuwa mkaidi asiyemsikiliza mtu, alipanda na sufuria kichwani. Sijawahi kuona king'ora kikifanya hivyo, wala askari wenye virungu.

Na walikuwa na sababu. Usipokwenda kumzika mwenzio, wako utamzika na nani?

Karani huwa haongei sana. Safari hii aliongea. Aliuliza, kwa Lukwambe ya kweli, atangaze kifo cha nani. Kisha akasema kwamba huo utakuwa uongo, na yeye haruhusiwi kusema uongo kwa raia mpaka kiongozi wa meza aweke kidole gumba kuidhinisha.

Mwalimu Stamili ndiye aliyekataa. Alivua miwani, na yule mwizi wa kuku akapotea kabisa usoni pake. Alisema kila kitu mjini siku hizi ni cha kuulizwa mara mbili: simu zinadanganya, picha zinadanganya, sauti ya mwanao inaweza kuwa si mwanao. Kilichobaki bila kuguswa ni taarifa ya msiba. Watu wakiitiwa msiba hawaulizi, wanachukua kanga wanaondoka.

"Mkishaitumia mara moja imekwisha," akasema. "Siku mtu akifa kweli watauliza kwanza kama ni maji. Mtakuwa mmetuokoa, halafu tutazikwa na nani?"

Lameki akamwambia kufa kufaana, mwalimu. Akamjibu kwamba kufa kufaana ni pale mtu anapokuwa amekufa. Mwalimu alikuwa amesema kweli tupu.

"Na mashine isome Inna lillahi kwa uongo?" mwalimu akaendelea.

"Maneno hayo si uongo," Bi Mwasiti akasema. "Sote ni wa Mungu na kwake tutarejea. Uongo ni jina tu. Wekeni langu."

Karani akaionyesha Bondeni yenyewe kwenye kitambaa, tukajaribu majina mengine kwanza, kwa heshima. La Lameki lilileta nusu ya mtaa, na yeye mwenyewe akakiri kwamba hao wangekuja kuhakikisha, maana ana mageti ya watu hajamaliza. La mwalimu lilileta kina mama. Jina la Bi Mwasiti lilileta kila nyumba, isipokuwa moja. Mwanawe mkubwa ni mpishi wa shule ya sekondari na anakaa kule kilimani, kwa hiyo hakuna ambaye angeshangaa msiba kuwekwa huko.

Nyumba iliyobaki ilikuwa ya Mzee Mkoba, fundi redio, jirani wa Bi Mwasiti ukuta kwa ukuta. Nikauliza kuna nini. Alipofariki mume wa Bi Mwasiti, Mzee Mkoba hakwenda kuzika. Bi Mwasiti anasema alijifungia ndani akisikia vilio. Mzee Mkoba anasema hakuna aliyekuja kumpa taarifa, na yeye si mbwa wa kufuata harufu ya pilau. Miaka imepita wanapishana uchochoroni kama nguzo mbili za umeme. Yeye ameapa mbele ya watu kwamba hata Mwasiti afe, hakanyagi.

Bi Mwasiti alikuwa anakunja upindo wa kanga yake.

"Huyo achana naye," akasema. Lakini hakutazama juu.

Niliweka kidole. Sikuweka kwa ujasiri, na wala sikuwa na uhakika. Niliweka kwa sababu kati ya uongo uliokuwepo, huo ulikuwa wao, wameutunga wenyewe, na mimi sikuwa na mwingine bora zaidi. Mwalimu Stamili alikusanya vitu vyake akaondoka bila kuniaga. Sikumlaumu.

*

Makao makuu wakanibakiza Lukwambe kwa meza nyingine ndogondogo, nikapanga chumba hukohuko Bondeni. Mvua zikaja, lakini si kwetu. Zilinyesha milimani tu, mbali, na kwetu jua likawa linachoma. Wiki ile Bi Mwasiti alikuwa anaumwa kifua. Nilikuwa nanunua vitumbua kwa binti yake, naye alisema mama usiku halali kwa kukohoa.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa nafua. Spika ya msikiti ikakwaruza, na simu yangu ikatetemeka ndani ya mfuko niliouning'iniza kwenye kamba ya nguo. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Bi Mwasiti binti Salehe wa Bondeni amefariki. Msiba upo kwa mwanawe, kilima cha sekondari. Mabasi yapo msikitini.

Nikakaa juu ya ndoo. Nawaambia ukweli, sikujua niombe nini. Kama ni uongo, yule mama yu hai na nyumba zote hizi zinakwenda na maji. Kama ni kweli, mtaa umesalimika na yeye hayupo. Nilimpigia, hakupokea. Hilo nalo halikuwa jibu, maana maiti hapokei simu, na anayejifanya maiti hapokei pia.

Uchochoro ulikuwa umeshajaa. Wanawake walitoka na kanga kichwani, wanaume wakavaa kofia huku wanatembea, mtu akabeba mkeka, mwingine sufuria la ukoo. Hakuna aliyeuliza. Mama mmoja alikuwa analia kwa sauti, na kilio chake kilikuwa cha kweli, kikanichoma. Nikajifunga kanga nikafuata.

Mzee Mkoba alikuwa kibarazani kwake na redio iliyofunguliwa mapajani. Watu walimpita bila kumsemesha, kwa kuwa kiapo chake kilijulikana. Nami nilimpita. Nilikuwa nimeshafika kona ndipo nikageuka, na sijui hata leo kama niligeuka kwa huruma au kwa kutotaka kumfikiria baadaye.

Nikamsalimia shikamoo, akaitikia. Ningeweza kumwambia kwamba huenda maji yanakuja. Lakini sikujua kama yanakuja, na ningejua pia, mtaa huu nimeuona mezani: kwa maji angekaa. Kwa hiyo nilipiga magoti chini, kama anavyopiga mtu aliyetumwa.

"Mzee, nimetumwa nikupe taarifa. Jirani yako amefariki."

"Nimesikia kwa spika."

"Spika si mtu. Nimekuja mimi."

Akauliza nani amenituma. Nikasema watoto wa marehemu, na huo haukuwa uongo wa Karani. Ulikuwa wangu. Akachukua bisibisi, akakaza skrubu ya redio taratibu mpaka mwisho, akaifunga kifuniko.

"Tangulia," akasema.

Sikuweza kumsubiri. Basi la mwisho lilikuwa linaondoka lenyewe, milango inafungwa. Nikaingia.

*

Kilimani, mbele ya bwalo la shule, vilio vilikatika ghafla. Bi Mwasiti alikuwa amekaa mkekani, kichwa wazi, anakohoa. Yu hai; Karani alikuwa amempandisha yeye kwanza. Shangazi yake alimpiga bega kwa nguvu, halafu akamkumbatia, halafu akampiga tena. Watu walianza kufoka, na mmoja akasema mambo ambayo hayasemwi mbele ya watoto.

Ndipo tukasikia. Ulikuwa mlio mzito, mrefu, na kila mtu akageuka kutazama chini. Maji yaliingia Bondeni bila haraka, ya rangi ya udongo, yakapanda kuta, yakapita juu ya msikiti hadi kwenye spika. Nikaona kamba yangu ya nguo kwa mbali, kisha sikuiona. Hakuna aliyefoka tena. Lameki aliketi chini akajifunika uso. Mwalimu Stamili alikuwa anapita kwa watoto, mmoja mmoja, anawashika vichwa.

Bi Mwasiti hakutazama maji. Alikuwa anatazama njia.

"Mkoba je?"

Nilimwambia nilipita kwake. Akavuta kanga akajifunika kichwa, na wakati huo alionekana kweli kama mtu mwenye msiba.

Akatokea kwa njia ya miguu, ya nyuma ya shule, wa mwisho kabisa. Kanzu yake ilikuwa imefungwa vifungo kombo, imelowa hadi magotini, na mkononi alibeba mfuko wa sukari aliouinua juu usiguswe na maji. Watu wakampisha. Akafika mkekani akamwona.

"Kumbe hujafa," akasema.

"Bado."

Akaweka sukari mbele yake, kwa sababu ilikuwa imeshaletwa. Akavua viatu, akakaa kwenye ukingo wa mkeka, akahema. Tukakaa hivyo, mtaa mzima, tunatazama paa za nyumba zetu. Wanawake wakaanza kuwasha moto, maana masufuria yalikuwepo. Baadaye sana Bi Mwasiti akasema, bila kumwelekea mtu yeyote, kwamba mwalimu alisema kweli. Siku atakapokufa hasa, nani ataamini, nani atakuja? Mwalimu Stamili akanitazama. Mimi nikatazama kidole changu.

Mzee Mkoba alikuwa anakamua upindo wa kanzu yake.

"Wewe nitumie mtu," akasema. "Usinitumie simu."